Kuvunja na Kumaliza: Meza ya Pool, Kutoka Pembe za Ndovu Mpaka Mugumu

Mwaka 1845 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya michezo ya kubahatisha. Ndani yake kulikuwa na kifungu kuhusu meza za biliadi za hadharani: marufuku kucheza kuanzia saa saba usiku mpaka saa mbili asubuhi, na marufuku siku nzima ikiwa ni Jumapili, Krismasi au Ijumaa Kuu. Miaka 171 baadaye, mwaka 2016, Rais John Magufuli akiwa na miezi michache tu Ikulu aliwakemea hadharani vijana wanaoshinda kwenye meza za pool asubuhi wakati wenzao wako kazini. Viongozi wa mikoa na wilaya wakadaka maneno yale, wakatoa amri: hakuna pool saa za kazi.

Kwa hiyo, msomaji, kesi hii ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Mshitakiwa ni yule yule, shitaka ni lile lile: uvivu na kamari. Hata jina lake halimsaidii. Wafaransa waliita *poule*, yaani kuku, lile dau ambalo kila mchezaji anachangia na mshindi anazoa lote. Kwa Kiingereza likawa pool. Huko Marekani karne ya 19 nyumba za pool zilikuwa sehemu za kubeti farasi, na meza za biliadi ziliwekwa humo ili wateja wapoteze muda kati ya mbio moja na nyingine. Waliobeti waliharibu jina la nyumba, na nyumba ikaharibu jina la meza.

Sitaki kumtetea mtu aliyeliacha jembe likiwa limelala shambani. Ila naona shitaka limekosea kitu kimoja cha msingi. Linachukulia kwamba pool ni bahati. Ukifuatilia historia ya vitu vilivyo juu ya meza ile, kimoja kimoja, utakuta ni kinyume kabisa. Ni miaka zaidi ya 200 ya watu waliohangaika kuitoa bahati mezani. Na sehemu ya bili ya kazi hiyo ililipwa na tembo, wakiwemo wa upande wetu huu wa Mara.

Sarafu ya mshindwa

Tuanzie nyumbani. Ukipita Tarime mjini jioni, au Sirari mpakani na Kenya, au Nyamongo kwenye dhahabu, au ukavuka kuingia wilaya ya Serengeti mpaka Mugumu, meza huikosi. Iko barazani chini ya bati, taa moja juu yake, ubao wa majina ukutani, na vijana wameegemea fimbo wakisubiri zamu.

Kwa asiyecheza: kuna mipira 15 ya rangi na mmoja mweupe wa kupigia. Mchezaji mmoja anachukua ndogo, namba 1 hadi 7, mwingine kubwa, namba 9 hadi 15. Ukimaliza saba zako unaweka mweusi, namba 8, umeshinda. Ukiuweka mweusi kabla ya wakati wake umepoteza, hata kama ulikuwa unaongoza. Mchezo huu ulianza Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Kampuni ya Brunswick-Balke-Collender iliuchapia kanuni mwaka 1908, na mipira ya wakati huo ilikuwa saba myekundu, saba ya njano na mmoja mweusi, kama inavyochezwa mpaka leo kwenye mashindano mengi ya Afrika.

Meza ya kutumbukiza sarafu ilishika kasi Marekani miaka ya 1950, Uingereza ikafuata miaka ya 1960. Kwetu zilienea baada ya uchumi kufunguliwa miaka ya 1990, baa binafsi zilipoota kila kona. Baadaye bia ya Safari ikadhamini mashindano ya taifa kwa miaka kadhaa, kuanzia ngazi ya mikoa mpaka fainali, chini ya chama cha mchezo huo, TAPA. Magazeti ya michezo yakaanza kuandika habari za pool karibu na habari za Simba na Yanga. Kwa muda mfupi yule kijana mvivu alikuwa na jezi.

Ila barazani kanuni inayotawala haijaandikwa na chama chochote: mshindi anabaki, anayekuja ndiye anayelipa. Ndo hiyo tu. Maana yake ni kwamba anayejua kumaliza meza hucheza jioni nzima kwa sarafu za wenzake, na asiyejua hulipa, hupiga mara mbili tatu, halafu hurudi ubaoni kuandika jina lake upya. Kwa mtu ambaye mfukoni ana sarafu tatu, kujua kuvunja na kumaliza si madoido. Kunaamua kama atacheza au ataangalia.

Kuvunja ni lile pigo la kwanza linalosambaza pembetatu ya mipira. Kumaliza ni kuweka zako zote na mweusi bila kumpa mwenzako zamu. Vikiungana kwa mkono mmoja, mpinzani amelipa na hajainuka kitini. Sasa, kwa nini jambo hilo liliwezekana kwa binadamu? Miaka 250 iliyopita halikuwezekana.

Mpira wa mviringo

Kitu cha kwanza ni mpira wenyewe. Mipira ya mbao ilipinda na kuchakaa. Karne ya 19 matajiri wa Ulaya na Marekani walitaka pembe ya ndovu, na si pembe yoyote tu. Mpira mzuri ulitakiwa uchongwe pale ambapo mshipa wa katikati ya pembe unapita katikati ya mpira, vinginevyo uzito unaegemea upande mmoja na mpira unayumba. Kwa hiyo zilitafutwa pembe nyembamba zilizonyooka, unene wake ukizidi kidogo tu upana wa mpira, na nyingi zilikuwa za majike. Pembe moja nzuri ilitoa mipira michache, mitatu mpaka mitano hivi. Hesabu mwenyewe seti moja ya meza ni tembo wangapi.

Soko kubwa la pembe hizo lilikuwa Zanzibar. Pembe ya Afrika Mashariki ilisifiwa kwa ulaini, ikawa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Misafara ilikwenda bara, na bara ni pamoja na nchi iliyozunguka Ziwa Victoria. Katika mbuga za magharibi mwa Serengeti, kwa Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, watu walikuwa wawindaji muda mrefu kabla ya msafara wowote kupita. Waikoma mpaka leo wana pembe za heshima wanazoziita Machaba, ambazo kwao ni kinga na umoja wa jamii, si bidhaa. Msafara ulikuja na maana nyingine ya kitu kile kile: bei.

Matokeo yake wataalamu wa ikolojia ya Serengeti wameyaandika. Kufikia mwisho wa karne ya 19 tembo walikuwa wametoweka karibu kabisa katika nyanda zile. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951, tembo halikuwa jambo la kuonekana humo. Walianza kurudi miaka ya 1950, wakiingia kutoka kaskazini na kusini. Anayedhani Serengeti siku zote ilikuwa kama kwenye kalenda za ukutani, ajue kulikuwa na nusu karne ya ukimya.

Wafanyabiashara wa meza waliuona uhaba huo mapema, kwa sababu waliuona kwenye bei. Mwaka 1863 kampuni ya Phelan na Collender ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala wa pembe. John Wesley Hyatt, mpiga chapa, akahangaika mpaka akafikia selulodi, ambayo aliisajili kati ya 1869 na 1870. Ilikuwa moja ya plastiki za kwanza duniani. Baadaye, mwaka 1907, Leo Baekeland akatoa bakelaiti, na kutoka kwenye ukoo huo wa kemikali ndiko yalikotoka mipira mizuri ya leo, ile ya Aramith inayotengenezwa na kiwanda cha Saluc nchini Ubelgiji. Mviringo wake hauna kigugumizi. Ukiupiga sawasawa unakwenda sawasawa. Bahati moja imetolewa mezani.

Ngozi, jiwe, raba

Bahati ya pili ilikuwa kwenye fimbo. Zamani ncha ilikuwa mbao tupu. Ukipiga mpira mweupe nje kidogo ya katikati, fimbo inateleza. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa François Mingaud, askari ambaye inasemekana alipata muda wa kutosha wa kuufikiria mchezo akiwa gerezani Paris, aliweka kipande cha ngozi kwenye ncha. Kumbe kipande kile kidogo ndicho kilichofungua dunia nyingine. Ngozi ikipakwa chaki inaung'ang'ania mpira, kwa hiyo unaweza kupiga chini na mweupe ukarudi nyuma, juu ukafuata mbele, pembeni ukabadilisha njia ukigusa ukingo. Mwaka 1835 mwanahisabati Gaspard-Gustave Coriolis, yule yule ambaye jina lake hutajwa kwenye masomo ya upepo na mzunguko wa dunia, alichapisha kitabu kizima cha hesabu za mipira ya biliadi. Mtu wa hadhi ile hakai chini kupiga hesabu za bahati nasibu.

Halafu sakafu. Meza za mbao zilipinda kwa unyevu. Mwaka 1826 hivi John Thurston wa London alianza kuweka bamba za jiwe chini ya kitambaa. Mwisho kingo: zilijazwa pamba na vitambaa, zikaja za raba ambayo kwenye baridi iliganda mpaka watu wakaipasha moto kabla ya kucheza, na mwaka 1845 Thurston akaanza kutumia raba iliyopikwa kwa salfa, isiyojali baridi. Angalia mwaka huo. Ni ule ule wa sheria niliyoanza nayo. Wakati Bunge linaufungia mchezo asubuhi kwa kuwa ni wa kubahatisha, mafundi mtaa wa pili walikuwa wanaikamilisha meza isiyobahatisha.

Barazani kwetu, ni kweli, bahati imerudi kidogo. Tarime ni nchi ya milima na mvua, kitambaa kikinyonya unyevu mpira unakuwa mzito. Upande wa Mugumu kiangazi ni vumbi. Sakafu ya baa imeinama. Ncha ya fimbo imelika. Mchezaji mzuri anazunguka meza mara moja kabla ya kupiga, anausukuma mpira polepole kutoka pande mbili kuona unaegemea wapi. Hiyo si kubahatisha, bwana, ni kupima shamba kabla ya kulima.

Kuvunja

Wengi wanavunja kwa hasira. Wanarudi hatua mbili, wanapiga kama wanaua nyoka, mweupe unaruka nje ya meza, watu wanacheka. Kelele nyingi, faida hakuna.

Kwanza panga. Mipira ndani ya pembetatu iwe imegusana kweli kweli. Ikiachana hata kwa unywele, nguvu inapotea katikati na rundo linabaki pale pale. Pili, piga mpira wa mbele usoni, katikati kabisa. Ukiupata hivyo, nguvu yote inaingia kwenye rundo, na mweupe unarudi kidogo na kutulia katikati ya meza. Ukiupata kwa ubavu, nusu ya nguvu inaondoka na mweupe, unazunguka meza nzima na mara nyingi unaishia shimoni. Kwa hiyo kipimo cha nguvu ni hiki: piga kwa nguvu ile ambayo bado unaweza kugonga katikati kila mara. Ukizidisha hapo unajidanganya.

Tatu, ujue mweupe wa meza unayochezea. Meza ya sarafu lazima iutambue mweupe ili iurudishe ukizama, kwa hiyo hutengenezwa tofauti na mingine. Kwenye meza za Kiingereza ni mdogo, inchi 1 na 7/8 wakati mingine ni inchi 2, na kwa hiyo ni mwepesi, unarudi nyuma kwa urahisi lakini hausukumi rundo sana. Kwenye baadhi ya meza za Kimarekani ni mkubwa au mzito zaidi, unapasua rundo vizuri ila kuurudisha nyuma ni shida. Anayehama meza moja kwenda nyingine bila kuliangalia hilo atasema ana siku mbaya.

Na lengo la kuvunja si kuweka mipira mitatu. Ni mambo mawili: rundo lifunguke, mweupe ubaki mahali unapoona.

Kumaliza

Baada ya kuvunja, usiharakie mpira ulio mdomoni mwa shimo. Huo ni wako, hauendi popote. Simama, tazama meza nzima, na anza kufikiria kutoka mwisho. Mweusi uko wapi, na utaingia shimo gani? Ili uuweke huko, mweupe unatakiwa ukae wapi? Mpira gani kati ya saba zako utakupeleka hapo? Huo ndio ufunguo, usiuguse mpaka uwe wa mwisho. Kutoka hapo rudi nyuma, mmoja mmoja, mpaka ule wa kuanzia.

Halafu uliza: una mpira wenye matatizo? Uliogandana na wa mpinzani, au uliolala ukingoni? Ushughulikie mapema, wakati bado una mingine rahisi ya kukuokoa mambo yakiharibika. Wengi hufanya kinyume. Wanaweka sita rahisi, makofi, halafu wanabakiwa na mmoja usiowekeka huku wamemfagilia mpinzani njia zote. Na kama umeona haiwezekani, usilazimishe. Weka mweupe mahali pabaya kwa mwenzako, subiri zamu yako.

Kuhusu mwendo wa mweupe, kanuni mbili zinatosha kuanzia. Ukiugonga mpira kwa pembeni huku mweupe unateleza bila kuzunguka, vinaachana kwa pembe mraba, nyuzi 90. Ukiugonga huku mweupe unabingirika kawaida, unapinda nyuzi 30 hivi kutoka njia yake, mradi usiuguse kwa wembamba sana wala kwa ukamilifu. Na mpira ukinyooka mbele yako, piga mweupe chini kidogo ya katikati ili usimame papo hapo. Anayeweza kuusimamisha mweupe ameshapata nusu ya mchezo. Ni juu ya misingi ya namna hii Willie Mosconi aliweka mipira 526 mfululizo bila kukosa huko Springfield, Ohio, Machi 1954, katika aina ya pool ambayo rundo linapangwa upya kila mara. Ni Mosconi huyo huyo aliyeajiriwa kama mshauri wa filamu ya *The Hustler* mwaka 1961, iliyotokana na riwaya ya Walter Tevis ya 1959. Wapenzi wa fasihi waitafute riwaya ile. Inaonyesha vizuri kwamba mtu mwenye mkono wa dhahabu anaweza kushindwa na mwenye kichwa kilichotulia.

Sasa tuje kwenye ugumu ambao vitabu vya Mosconi na wenzake havikuufikiria. Meza ya sarafu inameza. Mpira ukizama, hauupati tena mpaka ulipe. Mtoto wa tajiri mwenye meza nyumbani anarudia pigo moja mara 100. Kijana wa Mugumu kila pigo la mazoezi lina bei, na akikosa mbele ya watu amepoteza na zamu. Kwa hiyo lazima ajifunze kwa akili. Omba ruhusa kwa mwenye meza wakati hakuna wateja, ziba mashimo kwa vitambaa, na mipira itarudi. Fanya zoezi la mwendo tu: gonga, tazama mweupe umesimama wapi, rudia. Ukipata meza, anza na mipira miwili na mweusi, uimalize. Ukiweza mara kadhaa mfululizo, ongeza wa tatu, wa nne, mpaka saba. Na unaposubiri zamu usipige soga tu. Chagua mpango kwa macho, ona kama mchezaji ataufuata, na kama hakuufuata, ona nani alikuwa sahihi. Somo hilo ni bure. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwenye pool wewe unainama kweli, kidevu kikikaribia fimbo.

Hukumu

Je, hukumu ya uvivu ifutwe? Kwa anayeshinda pale tangu saa tatu asubuhi na watoto hawana ada, isifutwe. Ila tuitoe kwa mtu, tusiitoe kwa mchezo. Kijana anayeweza kutazama fujo ya mipira 15, akaanza na mwisho, akatatua gumu kabla ya jepesi, na akakubali kusubiri inapobidi, ana ujuzi ambao ofisi nyingi zinautafuta kwa matangazo. Badala ya kumfukuza asubuhi, ni afadhali tungemuuliza jioni: mpango huo unaoupanga mezani, umewahi kuupanga nje ya meza?

Na kuna deni jingine. Leo tembo wamerudi Serengeti, na wengine wanavuka mipaka ya hifadhi usiku na kula mahindi ya watu katika vijiji vya wilaya ile. Wakulima wanakesha na tochi na madebe, wanalia hasara, na wana haki ya kulia. Kule barazani, umbali usiozidi safari ya pikipiki, mpira wa plastiki unaingia shimoni kwa mlio mkavu. Zamani mlio ule ulitoka kwenye kipande cha jino la mnyama yule yule. Biashara iliyomaliza tembo ilipanga pigo moja tu, la pesa ya leo, wala haikutazama meza itabaki vipi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuvunja na kumaliza, na haihusu pool peke yake.